Vina Vilivyohesabu Siku

Malenga wenzangu, kila wapenzi wa ushairi wakutanapo, swali lile lile huzuka: vina vina faida gani? Wapo wasemao ni pambo, na wapo wasemao ni pingu. Hoja yangu nimeipata mbali, katika bandari za Uchina, kwenye historia ya simu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Asili ya simu ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Ulipokuja ujumbe usiopita kwenye waya, wazee wetu waliuita simu ya upepo, na mimi nalihesabu jina hilo kuwa shairi la maneno matatu. Dar es Salaam ya Wajerumani ilikuwa na mnara wake, ulioangushwa Agosti 1914 manowari za Waingereza zilipofika. Tsingtau, bandari ya Uchina waliyoitawala Wajerumani hao hao, nayo ilikuwa na kituo chake.

Wachina, hata hivyo, walikuwa na taabu tusiyoijua sisi. Mipigo ya Morse, mifupi na mirefu, ilitungiwa herufi, na Kichina hakina herufi. Kina maelfu ya alama. Mwaka 1871 kampuni ya Denmark ililaza waya baharini kati ya Hong Kong na Shanghai, na katika miaka iliyofuata kila alama ikapewa namba ya tarakimu 4. Zhongwen, yaani maandishi ya Kichina, ikawa 0022 2429. Kwa kuwa tarakimu moja ya Morse ina mipigo 5, silabi moja ikahitaji mipigo 20. Simu ya upepo ikaurithi utaratibu huo.

Kiswahili hubana kwa njia yake. Nyumbani kwetu imehifadhiwa karatasi ya simu aliyoletewa baba yangu akiwa kazini mbali. Habari yake ni neno moja: “Tumemzika.” Ndani yake wamo waliozika, umo wakati, yumo babu; na baba akajua kwamba hakuwahi.

Wachina walitaka kuibana hata tarehe, siku nzima ikae katika alama moja, na msaada wakaupata kwa washairi. Vitabu vya ushairi wa kale vilikwisha kupanga vina katika mafungu 106, kila fungu na jina lake na nafasi yake katika orodha. Wen ni fungu la 12 katika orodha yake, basi wen ikawa tarehe 12. Ma ikawa tarehe 21. Aliyekariri vina kwa ajili ya kutunga aliweza kuisoma siku bila kuelezwa.

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1938, watetezi wa mji wa Changsha waliuchoma moto wenyewe, wakihofia Wajapani wasije wakauteka. Maelfu walikufa. Hadi leo moto ule huitwa wa Wenxi, jioni ya wen. Na wen, nje ya hesabu ya siku, maana yake ni maandishi, ni fasihi.

Sidai kwamba vina vyetu vitapata kazi ya namna hiyo. Nasema tu kwamba waliovipanga vile walifikiria mashairi, na wajukuu wao wakavitumia kuitaja siku ya msiba. Anayetaka kuvitupa vina, na avitupe akijua hilo.