Picha Iende na Ngoma

Enzi za kaseti za MiniDV, studio yetu ya video za harusi pale Kariakoo ilikwenda kwa mwendo wa kaseti yenyewe. Mkanda wa saa moja uliingia kwenye kompyuta kwa saa nzima, ukala takriban gigabaiti 13 za diski. Ukishaingia, hata mashine dhaifu iliucheza bila kukwama, kwa kuwa katika DV kila fremu imehifadhiwa kamili, haitegemei ya jirani.

Kisha ikaja kamera ya Canon 5D Mark II, iliyotoka mwishoni mwa 2008. Uso wa bibi harusi ulionekana wazi, ukumbi nyuma yake ukafifia, na wateja wakawa hawataki tena picha za namna nyingine. Lakini faili zake zilikuwa za kodeki ya H.264: fremu chache ni kamili, zilizobaki zimeandika tu kilichobadilika. Kompyuta inabidi iziunde upya kabla ya kuzionyesha. Tulipopanga kamera tatu kwenye taimulaini, sauti ilisonga mbele na picha ikaganda.

Hapo ubishi ukapamba moto: programu ipi ya kuhariri ni bora? Waliotumia Mac walisifu Final Cut Pro 7. Wenzao walisifu Premiere Pro CS5 ya mwaka 2010, iliyoandikwa kwa mfumo wa biti 64, ikaweza kutumia RAM zaidi ya gigabaiti 4 na kukabidhi kazi ya rangi na madoido kwa kadi ya Nvidia.

"Acheni kubishana, wanangu," mzee wa studio akasema. "Wekeni harusi moja kwenye mashine zote mbili."

"Sawa, mzee."

Tukachagua kipande kigumu kuliko vyote: ngoma imekolea, akina mama wanatunza, kamera tatu kwa pamoja. Kwenye Mac tuligeuza kwanza faili zote kuwa ProRes, kodeki yenye fremu kamili kama DV. Kazi hiyo ilikula usiku kucha na diski ikajaa, lakini asubuhi picha ilitiririka. Kwenye Premiere tulianza kukata palepale na kupaka rangi bila kurenda, ila kila tulipoongeza kamera, prosesa ilizidiwa. Kadi ilisaidia rangi, kufungua H.264 kulibaki mzigo wa prosesa.

Nilichojifunza siku zile ni kwamba kusubiri hakuondoki, kunahamishwa tu. Ama unasubiri kabla ya kuhariri, ama unasubiri katikati ya kazi. Na katikati ndipo pabaya zaidi. Video yetu ni fremu 25 kwa sekunde. Picha ikichelewa fremu tatu tu, mkono wa mpiga ngoma hauoani na mlio, na mhariri hajui tena akate wapi. Anakisia, na harusi ya watu haikisiwi.

Siku hizi kuna DaVinci Resolve isiyolipiwa, na tangu 2016 Premiere Pro hutengeneza yenyewe nakala nyepesi za kuhariria. Vijana bado huniuliza wanunue programu gani. Huwa nawauliza kwanza kamera yao inarekodi kwa kodeki gani na mashine yao ina nguvu kiasi gani. Programu bora ni ile inayokuonyesha ngoma kama ilivyopigwa, ukaamua kwa macho na masikio yako.