Kutoka Korja Hadi Tani

Nilipokuwa mdogo kule Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, mikoko ilihesabiwa ikishaangushwa. Wakataji walirudi na maji ya kujaa, mitumbwi imelemewa, wakaipanga miti ufukoni kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo. Kila miti ishirini ni korja moja, na bei ilikuwa ya korja. Fito zilikwenda kwenye kuta za udongo, boriti kwenye dari. Wazee walizungumzia majahazi yaliyopakia boriti za kupeleka Uarabuni, biashara ambayo serikali iliipiga marufuku mwaka 1982.

Lakini si wakataji hao walioumaliza msitu wa ghuba yetu. Mkata boriti huchagua. Mti usiomfaa anaupita. Miaka ya 1970 kulikuwa na sehemu zilizofyekwa zote, miti ikawa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Miti ya kudondosha mbegu haikubaki, matope yakaanikwa juani, na miaka ikapita bila kuota kitu.

Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Mimi nilikuwa kibarua wa kubeba miche, na ndipo nilipoona watu wakihesabu miti iliyosimama. Walivuta kamba kutoka baharini kuelekea nchi kavu, wakapima vipande vya mita 10 kwa 10, wakaandika kila mti uliomo: aina, urefu, unene wa shina. Mkoko wenyewe, aina mojawapo ya miti hiyo, una mizizi inayoshuka kutoka ubavuni mwa shina, kwa hiyo utepe ulifungwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kisha waliinama kwenye matope wakahesabu miche iliyojiotea.

Mkataji mmoja mzee alisimama akitutazama, akacheka. "Wajukuu zangu, mti uliosimama unauzwa kwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Hata hivyo, yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba mlilana hukaa mbele kupambana na mawimbi, mkoko nyuma yake, na mkandaa ndani zaidi. Utepe haukujua hayo.

Mnunuzi alipatikana baada ya mradi wa Mikoko Pamoja kuanzishwa mwaka 2013 ili kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu. Kipimo kikawa tani, na sehemu kubwa ya hewa ukaa ya mikoko imo ardhini: bomba la chuma likizamishwa na kuvutwa, hutoka na matope meusi yaliyojaa mizizi ya kale. Fedha zimeleta maji ya bomba Gazi na Makongeni na kusaidia shule. Mivinje nayo ilipandwa, maana watu bado wanahitaji kuni na miti ya kujengea.

Naishukuru tani, ila siiamini peke yake. Bei yake hupangwa mbali na sisi, na msitu wa miti minene huweza kuonyesha tani nyingi huku chini hakuna mche hata mmoja. Msitu wa namna hiyo umekwisha, bado kuanguka tu. Kwa hiyo vijana wanaopima siku hizi wakiniletea daftari, kabla ya jumla nauliza kwanza miche ni mingapi.