Kuvuka Feri kwa Pikipiki

Mombasa ni kisiwa, lakini mgeni aingiaye kwa gari kutoka bara aweza kukaa juma zima bila kulitambua jambo hilo. Makupa anapita asijue kwamba amevuka maji. Nyali kuna daraja, nalo lilifunguliwa mwaka 1980. Ni upande wa kusini, pale Likoni, ambapo bahari humlazimisha kila mtu asimame na kungoja zamu yake. Wenyeji hupaita mahali hapo Feri, basi, kana kwamba duniani hakuna feri nyingine.

Tulifika hapo Jumamosi moja mwendo wa saa nne asubuhi, pikipiki 9 zikifuatana kutoka Diani. Tulikuwa watu 14: jozi tano za mume na mke, na wengine wanne waliokuja peke yao, sote tukiwa tumeteremka kutoka Nairobi kwa likizo fupi. Kikundi chetu hakina makuu. Kina sheria tatu tu. Wa mbele haendi kasi kuliko anavyoweza aliye mdhaifu zaidi. Hakuna kumpita kiongozi. Na wa mwisho huwa ni mtu mzoefu, asiyekubali kumwacha yeyote nyuma yake. Kwetu sisi wa mwisho ni mama mmoja ambaye sote humwita Dada Mkubwa.

Sheria hiyo ya tatu ndiyo iliyopimwa siku hiyo.

Mke wangu alilelewa Mombasa. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, na watu wapatao 270 wakafa maji, wengi wao wakiwa njiani kwenda kazini kisiwani. Miongoni mwao alikuwako jirani yao, aliyezoea kumpakata utotoni. Tangu siku hiyo mke wangu hakupanda feri tena. Hata safari hii tulikuwa tumeingia Diani kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo humpeleka mtu Pwani ya Kusini bila kuvuka pale Likoni.

Tulipouona mteremko wa kushukia majini, aliniguusa begani. "Baba watoto, nyinyi vukeni. Mimi nitazunguka kwa matatu."

Dada Mkubwa alikuwa amekwisha sikia. Alizima injini, akavua helmeti. "Mwenzangu, hapa hakuna nyinyi wala mimi. Ukizunguka, twazunguka sote."

Basi tukaziegesha pikipiki pembeni, tukanunua mahamri na chai. Feri ya kwanza ikaondoka, ya pili ikaja, ikaondoka nayo. Hakuna aliyetazama saa, na hakuna aliyemshawishi. Yeye alikuwa akitazama tu: wanafunzi, akina mama na vikapu vyao, wasukuma mikokoteni, wazee waliovuka maji hayo maisha yao yote. Feri ya tatu ilipotia nanga aliuliza abiria husimama wapi. Akaambiwa kwamba watembeao kwa miguu hawalipi chochote, nao huweza kusimama kando, penye hewa. "Haya, twendeni kabla sijabadili nia," akasema.

Nilisukuma pikipiki ndani, yeye akatembea na Dada Mkubwa wakiwa wameshikana mikono. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Mkondo huo ndio mlango wa bandari ya Kilindini, jina litokanalo na kina kirefu cha maji yake, na meli kubwa inapopita, feri hungoja. Siku hiyo hakukuwa na meli. Tulipokanyaga kisiwani, mke wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema ana njaa.

Kutoka Feri ni karibu sana kufika barabara ya Mama Ngina, ambako upepo wa bahari na kivuli cha mibuyu mikongwe ni bure kwa kila mtu. Tulikunywa madafu, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Kisha tukapita Barabara ya Moi kuziona zile Pembe za Ndovu. Jozi ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth wa Uingereza, na ya pili mwaka 1956, alipokuja Margaret, mdogo wake. Wengi hudhani ni pembe za kweli. La, ni mabati tu.

Ngome ya Fort Jesus yataka muda. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa mwaka 1698, na Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958. Leo ni makumbusho, na tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukisimama juu ya kuta zake za mawe ya matumbawe utafahamu mara moja kwa nini mataifa yaliipigania: kila chombo kiingiacho bandari ya kale kitapita mbele yako.

Mji wa Kale tuliuingia kwa miguu. Vichochoro vyake havikutengenezewa msafara wa pikipiki 9, na watu wanaishi humo. Wana wagonjwa, wana watoto waliolala. Hapa mke wangu ndiye aliyekuwa kiongozi. Alituonyesha Ndia Kuu, akatueleza kwamba kwa Kimvita njia ni ndia. Alituonyesha milango ya nakshi, na msikiti wa Mandhry unaosemekana kujengwa karibu mwaka 1570. Mzee mmoja muuza kahawa alimsikia akizungumza, akamuuliza, "Mwanangu, wewe si wa hapa hapa?" Akajibu kwamba ni wa hapa, ila alikawia kurudi. Alipewa kikombe na kashata, na fedha zake zikakataliwa.

Tulimalizia Marikiti, soko la tangu mwaka 1914, tukanunua iliki, mdalasini na pilipili manga. Jioni tulirudi Feri pamoja na umati wa watu watokao kazini. Safari hii mke wangu hakuuliza pa kusimama. Alitangulia.

Wewe uliye na mpango wa kwenda kwa pikipiki, zingatia haya machache. Usivuke saa za kwenda kazini wala za kutoka ukiweza kuepuka. Abiria wa nyuma na ashuke kabla ya kuingia ferini, maana sakafu huwa na maji na huteleza. Helmeti mbili, si moja. Ndani ya Mji wa Kale zima injini, vaa mavazi ya heshima, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Na zaidi ya yote, chagua wenzi wa safari walio tayari kuziacha feri mbili ziondoke kwa sababu yako. Mandhari utayapata popote. Watu wa namna hiyo ni wachache.