Ua Linalotabasamu

Bismillah.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe uliye na mtoto na simu ndani ya nyumba moja, naomba leo unisome mpaka mwisho. Jambo hili limenishika mimi kabla sijakuletea wewe.

Kijana wangu ana miaka 11. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa halali mpaka taa iwashwe. Saa nane za usiku unamkuta amekaa kitandani, macho makavu. Mama yake anamsomea Ayatul Kursiy, mimi namsomea Muawwidhatayn, analala kidogo, kisha anaamka tena. Nikasema hapana, hapa pana kitu. Nikachukua simu anayosomea, nikaangalia alichokuwa anatazama. Nikakuta nyimbo tupu za Kiingereza, na picha za ua la manjano linalotabasamu, na kiunzi cha mifupa kilichovaa koti la buluu.

Mkono wangu ulikuwa tayari kufuta kila kitu. Nikajizuia, nikamwita: "Njoo ukae hapa, unieleze hiki ni kitu gani." Tukakaa jioni tatu, yeye akinitafsiria. (Najua utaniuliza: Sheikh, na muziki je? Hilo lina darsa lake, leo usinitoe njiani.)

Sikiliza sasa. Kuna gemu linaitwa Undertale, lilitoka mwaka 2015, limetengenezwa na Mmarekani anayeitwa Toby Fox, na muziki wake katunga yeye mwenyewe. Ndani yake mtoto wa binadamu anaanguka chini ya mlima, mahali walikofungiwa mazimwi baada ya kushindwa vita na wanadamu. Mchezaji anaweza kuvuka safari nzima bila kumuua hata mmoja. Anaweza pia kuwaua wote. Wahusika hawana sauti za watu, maneno yao unayasoma kwenye kioo.

Basi wakatokea mashabiki, kwa jina la Man on the Internet, wakaichukua ile miziki, wakaitungia maneno, wakaipa waimbaji. Wakatoa tamthilia ya nyimbo, Undertale the Musical, iko YouTube. Mwanangu gemu lenyewe hajawahi kuligusa. Anazijua nyimbo tu.

Na hapo ndipo nilipofahamu kitu, wewe mzazi ukishike. Kwenye gemu, jambo la kutisha unalisoma kwa mwendo wako, na kidole ni chako: ukiua, umeua wewe. Kwenye nyimbo hakuna kidole. Mtoto anaingia na hedifoni masikioni, na yule muovu anamwimbia kwa sauti ya mtu, karibu kabisa na sikio. Hakuchagua chochote, lakini hofu yote anaibeba yeye.

Lile ua linaitwa Flowey. Linamkaribisha mtoto mgeni kwa tabasamu, linajiita rafiki, linaahidi kumpa mapenzi, na kumbe linalompa ni risasi. Baadaye linapata nguvu, linageuka kuwa dude kubwa lenye runinga badala ya uso, na gemu lenyewe linajifanya limeharibika na kujifunga. Nikamuuliza mwanangu, "Hiki ndicho kinachokunyima usingizi?" Akasema hapana, lile dude la kuchekesha.

Nikamuuliza kuhusu kile kiunzi cha mifupa, Sans. Huyo ni mtu wa mizaha, mvivu, lakini ukiwa umeua njia nzima anakusubiri kwenye ukumbi wenye mwanga wa dhahabu, na mzaha umekwisha. Mwanangu akasema hata huyo anampenda.

Nikamuuliza kuhusu ile njia ya kuua wote. Akanieleza kwamba ukimaliza kila aliye hai katika eneo, muziki unavutwa polepole mpaka unakuwa mvumo, ukitembea hakuna tena anayekutokea. Ukifika mwisho, dunia yote inafutwa. Ukirudi kufungua gemu unakuta giza na upepo. Usubiri dakika 10. Kisha unaambiwa dunia itarudishwa, lakini utoe roho yako. Ukikubali, hata siku ukicheza kwa wema mtupu na ukafika mwisho mzuri, ule mwisho unakutolea alama ya ulichouza. Haya yote aliyasoma mtandaoni baada ya kusikia nyimbo. Mimi nywele zilinisimama, nikasema nimepata. Akatikisa kichwa.

"Ni lile ua, Baba. Mwanzoni kabisa. Linajua."

Linajua nini? Akanieleza. Mwanzoni kuna mama mmoja, Toriel, anayemwokota mtoto na kumlea. Wapo wachezaji wanaomuua kwa kutojua, halafu roho zinawasuta, wanarudisha gemu nyuma na safari hii wanamwacha hai. Wanaona wamesafisha. Wakitoka nje, lile ua liko mlangoni, linawaambia limeona walichofanya mara ya kwanza.

Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana baba anajua kimya cha mwanawe.

Ndugu yangu, mwezi uliopita ilipotea shilingi elfu tano kwenye pochi ya mama yangu. Nilimgombeza dada anayetusaidia kazi. Nilimgombeza mbele ya watu, na maneno yangu siwezi kuyaandika hapa. Siku mbili baadaye pesa ikaonekana ndani ya pochi ileile, tukasema bibi ni mzee, hakutazama vizuri, yakaisha. Kwangu yaliisha.

Mwanangu ndiye aliyeichukua. Na ndiye aliyeirudisha, usiku, kila mtu amelala.

"Nilirudisha, Baba, lakini haikufutika. Wewe ulitufundisha madrasa kwamba kila kitu kinaandikwa. Ukatueleza kaburi linavyobana."

Nilihisi kama nimepigwa. Darsa lile nalikumbuka. Nililitoa kwa sauti ya juu, watoto wakanyamaza kimya, nikafurahi, nikaona leo nimefundisha. Muda ukaisha, nikasema sehemu ya toba tutaimalizia wiki ijayo. Wiki iliyofuata nilikuwa na safari. Sikuimalizia. Niliwapa watoto 30 giza lile na upepo ule, nikaondoka kabla ya kuwaonyesha mlango. Na zile nyimbo zikafika zikakuta nafasi nimeshaichimba mimi.

Unakijua kisa cha masahaba waliokuwa safarini na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam? Mmoja wao alilala, mwenzake akamchukulia kamba yake, yule akashtuka. Mtume akakataza Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kwa kamba tu! Kisa hicho nimekisoma watu wazima wakinisikiliza mara nyingi, wala sikuwahi kukihesabu dhidi yangu.

Nikamwambia mwanangu: lile ua linajua ili likucheke. Mola wako anajua na anakusubiri umrudie, na ukirudi kweli anafuta. Lakini haki ya mja iko kwa mja. Pesa umeirudisha kwa bibi, bado kuna mtu aliyevunjiwa heshima. Akasema, "Dada." Nikasema twende.

Tulimkuta jikoni anakanda unga wa chapati. Mtoto akasimama mlangoni, akashindwa kuanza, akatazama miguu yake. Kisha akasema yote kwa pumzi moja.

Yule binti hakuacha kukanda. Akasema, "Mimi nilikuona ukirudisha. Nilikuwa nimeamka kunywa maji. Nikasema huyu ni mtoto, nimwache aseme mwenyewe."

Mwezi mzima alikuwa anajua, na hakumtaja. Alikula maneno yangu, akaamka alfajiri akachemsha maji yangu ya kutawadha.

Mwanangu akalia, akamshika kanga. Mimi bado nilikuwa nimesimama nyuma yake, sheikh mzima, nimebaki na deni langu. Nikasema, "Mwanangu, na mimi nisamehe." Akafuta mikono yenye unga, akavuta kigoda, akaniambia, "Kaa kwanza, Baba. Na wewe sema uliyosema siku ile."

Nikakaa.