Picha Ikikataa Kupanda, Usikimbilie Grupu



Msimu wa harusi ukifika, simu zetu hujaa picha: hina na piko, singo, bi harusi kwenye kiti chake, mama na mashangazi na sare zao. Sisi tunaotunza albamu za familia mtandaoni huulizwa swali moja kila baada ya shughuli: "Mbona picha hazipandi?" Leo tunalijibu, maana swali hili linagusa sitara ya mtu.

Picha ya bi harusi ni amana. Amepigwa kichwa wazi, amepambwa, mbele ya wanawake wenzake. Kwa tuliyoyaona, picha kama hizi huvuja pale albamu inapokwama. Mtandao mzito, shangazi yuko Muscat anangoja, basi mmoja anasema, "Zirusheni kwenye grupu tu." Grupu lina watu 80, na nusu yao simu zao zinashikwa na waume na watoto wakubwa. Ikishafika huko, hairudi tena. Na uzuri wenyewe unapotea, kwa sababu picha zikipita huko hubanwa.

Aya ya 31 ya Suratun Nur imetutajia wa kuwaonesha mapambo yetu, wakiwemo mume, baba, baba mkwe, wana, ndugu wa kiume na watoto wao. Shemeji hayumo. Binamu hayumo. Kwetu sisi, orodha ya wanaoingia kwenye albamu inaanzia hapo. Tunamwalika kila mtu kwa barua pepe yake. Linki ya wazi hatuitumi, kwani yeyote itakayemfikia ataona kila kitu.

Sasa tuje kwenye kukwama kwenyewe.

Kwanza, tazama nafasi. Akaunti ya Google hutoa GB 15 za bure, na tangu Juni 2021 picha mpya za Google Photos huhesabiwa humo pamoja na barua pepe zako. Picha 500 za kamera zenye MB 8 kila moja ni GB 4 nzima. Ikijaa, hakuna kinachopanda hata uwe na bando la mwezi.

Pili, tazama aina ya faili. Tangu 2017 iPhone nyingi huhifadhi picha kwa HEIC, na baadhi ya tovuti na kompyuta za zamani hazifunguki nazo. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya miundo, uchague ule unaokubalika na vifaa vingi. Picha zitakazofuata zitakuwa JPEG.

Tatu, usizibebe zote kwa mpigo. Pandisha 20 au 30, zikimaliza ongeza nyengine. Zima kibana matumizi ya betri, kwani husimamisha kazi ukishafunga skrini. Sisi hupenda baada ya Alfajiri, nyumba imetulia na mtandao haujagombaniwa.

Nne, simu inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kabla ya shughuli, izuie kamera isisome mahali ulipo, ili nyumba ya bi harusi isijulikane kwa kila anayepata faili.

Bado haijapanda? Mwambie shangazi asubiri. Siku mbili za kungoja hazimdhuru mtu. Akiwa na haraka sana, mpigieni simu ya video, mama akiwa upande huu na yeye upande ule, amuone mwari wake, amuombee dua.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, yapange haya kabla ya siku yako. Chagua mmoja unayemuamini, dada au somo wako, awe mshika funguo wa albamu. Kubalianeni na mpiga picha, awe mwanamke, lini atafuta nakala zake. Ukitaka picha fulani isionekane na yeyote, sema, na isionekane. Usione haya, ni haki yako hata mbele ya mama mkwe.

Allah azijaalie ndoa zenu baraka na atusitiri sote duniani na akhera. Amin.