Waliowasha Moto

Mzee aliyenifundisha kazi hakuanza na sufuria wala shuka. Alinisimamisha barazani akaniambia nimtazame mgeni anavyoshuka garini kabla sijamwambia karibu. Anayeshuka akijinyoosha kiuno anataka maji ya moto. Mwenye watoto wanaolia anataka chakula, na anakitaka sasa hivi. Aliyejikunyata, mikono kifuani, amekutana na baridi asiyoitarajia. Huyo mpeleke kwenye moto. Mambo ya kuandika jina na kulipa yatangoja.

Nilianza kazi hiyo Mbeya mwaka 1984, nikiwa binti aliyetoka Tukuyu na sanduku la bati, na nimeimalizia Iringa. Watu wa pwani hudhani nchi yetu yote ni ya jua. Mtu anaondoka Dar es Salaam alfajiri na shati jepesi, anapita joto la Mikumi, anapita mibuyu na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, anapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori ya Zambia, halafu anafika Iringa jioni ya Julai. Kichwani anajua amefika, lakini mwili wake bado uko pwani. Akiendelea hadi Mbeya, atalala penye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kwenye mashamba ya juu zaidi anaweza kuamka akute sakitu nyeupe juu ya majani ya viazi. Ndiyo maana nyumba za wageni za kwetu husifiwa kwa vitu vitatu kabla ya uzuri wowote: moto, supu na blanketi zito.

Mzee huyo, ambaye sote jikoni tulimwita Babu, alipikia hoteli za Reli za Iringa na Mbeya. Vijana ninaowasimulia hunikatiza hapo hapo: reli gani Iringa? Wana haki ya kuuliza, maana Iringa haina reli hadi leo, na Mbeya iliipata TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975. Hoteli zilitangulia. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na mabasi yake, yaliyowachukua abiria kutoka stesheni za Reli ya Kati na kuwaleta kusini huku. Safari ilikuwa ndefu, barabara ya vumbi au ya tope kutegemea majira, na abiria hawakuwa na budi kulala mahali. Shirika likajenga hoteli mahali ambapo treni haikuwahi kupiga honi. Jengo la Mbeya bado linapokea wageni.

Mji wa Mbeya wenyewe ulizaliwa na wasafiri. Ulianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa huko Chunya ikiwavuta watu, na barabara ya kutoka Rasi hadi Cairo ikipita hapo hapo. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizokwenda Cape Town zikawa zinatua Mbeya. Babu hakuwa amezaliwa kazini wakati huo, lakini alifundishwa na waliokuwepo, na aliweza kueleza jinsi wapishi wa enzi zile walivyowahudumia wachimba dhahabu wenye matope hadi magotini, meza moja na mabwana waliotoka angani wakiwa na tai shingoni. Supu ilikuwa ile ile.

Kabla ya Uhuru, Babu alipika chakula cha meza ambayo yeye hakuruhusiwa kuikalia. Alinisimulia hilo huku akimenya viazi, bila kupandisha sauti, na akaniagiza nisilisahau. Sijalisahau.

Miaka yangu ya kwanza ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari ilipimwa kwa kijiko, sabuni ilifungiwa kabatini, unga wa ngano ukaadimika. Babu alichemsha viazi vya Isongole, akaviponda, akavichanganya na unga kidogo tuliokuwa nao pamoja na hamira, na ule mkate ukatoka laini, ukakaa siku mbili bila kukauka. Wageni waliusifu kuliko wa ngano tupu. Chakula kingine kilitoka pembeni mwetu: mchele wa Kyela, ndizi za Rungwe, maharage ya Uyole, kahawa ya Mbozi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nyanda hizi haziwezi kumnyima mgeni mlo, hata duka likiwa tupu.

Lakini zilikuwepo nyumba ambazo bado zilimnyima mgeni heshima. Hoteli moja niliyofanyia kazi, sitaitaja, ilikuwa na desturi ya kuwatambua wageni kwa viatu. Siku moja mwalimu wa shule ya msingi alikuja na mama yake mzazi, bibi wa kanga mbili na kandambili, wakitoka kumtembelea mgonjwa. Mwalimu alitaka mama yake ale hotelini mara moja maishani. Mhudumu wa zamu aliwakalisha karibu na mlango wa jikoni, penye moshi, ingawa ukumbi mzima ulikuwa mtupu. Babu aliwaona kupitia uwazi wa kutolea sahani. Alivua aproni, akaosha mikono, akatoka. Akapiga magoti kidogo mbele ya yule bibi, akamwamkia kwa Kinyakyusa, kisha akawahamishia kwenye meza ya dirishani, ile inayotazama mlima Loleza. Akamuuliza angependa kula nini. Bibi akasema ndizi na maziwa ya mgando, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuwa ameomba kitu kisichopatikana. Ndizi hazikuwa kwenye orodha ya chakula. Babu alinituma sokoni, akazipika na nyama ya mbavu, akampelekea mwenyewe.

Nimehudumia wageni wengi tangu siku ile, na wachache walikula kwa furaha kama ile. Kila nilipopewa jukumu la kupanga meza, nilikumbuka dirisha lile.

Ndoa ilinihamishia Uheheni miaka ya tisini. Nikajifunza kusema kamwene badala ya ughonile, nikapata kazi Kisolanza. Ukitoka Iringa kuelekea Mafinga, ni kama kilomita 50, kando ya barabara kuu. Ni shamba lililoanzishwa miaka ya 1930, na familia ile ile imekuwa ikililima tangu hapo. Nyumba yake ya zamani ndiyo iliyowafanya wasafiri wa barabara nzima, kutoka Nairobi hadi maporomoko ya Victoria, walijue jina hilo. Kuna waliofika na hema, kuna waliolala vyumbani, na kuna waliosimama tu kununua mkate, nyama na mboga za shambani, wakaendelea na safari.

Mlo wa jioni wa mishumaa ndio ulioandikwa sana katika vitabu vya wasafiri. Mimi naujua kwa upande wa pili. Mlo huo ulianza asubuhi, umande ungali kwenye majani, tulipokata mboga na kuchimba karoti. Mkate uliingia motoni mapema ili jiko libaki na joto la kuokea mengine. Saa tisa alasiri kuni ziliwashwa chini ya matangi ya maji, kwa sababu maji ya moto hayangojewi. Mgeni akifungua bomba saa kumi na mbili akapata vuguvugu, chakula hata kiwe kizuri namna gani hakitamsahaulisha. Kuni nyepesi huwaka upesi na kuisha upesi. Mti wa mwati hukaa, unatoa kaa linalodumu, kwa hiyo tuliutunza kwa ajili ya usiku. Supu ilitengwa kando ya jiko tangu saa kumi, ya maboga au ya viazi na vitunguu, ikizidi kuiva bila kuchemka. Mishumaa tuliiwasha mwisho kabisa, kila kitu kikiwa tayari.

Na wageni! Malori makubwa ya watalii yalileta vijana waliokuwa wamejipikia tambi majuma kadhaa. Walipoona nyama ya kuchoma taratibu na mboga za majani zilizokatwa siku hiyo hiyo, walinyamaza kabisa hadi sahani ya pili. Waendesha baiskeli wa safari ya Cairo hadi Cape Town, iliyoanza mwaka 2003, nao walipita barabara yetu, na waendesha baiskeli kwa jumla, wa msafara au wa peke yao, ni watu wa kupikia mara mbili. Mwendesha baiskeli usimuulize atakula kiasi gani. Weka sufuria mezani. Waliotoka hifadhi ya Ruaha walikuja na vumbi jekundu masikioni na hadithi za simba; hao walitaka kusikilizwa kwanza. Wamisionari walilala mapema. Wahandisi wa barabara walitaka kifungua kinywa saa kumi na moja alfajiri, na tuliwapa.

Wengine walikuja na jina la Hemingway. Patrick, mwana wa mwandishi Ernest Hemingway, alikuwa na shamba upande wa Sao Hill miaka ya 1950, na habari hiyo ikishaingia kwenye kitabu cha wasafiri haitoki. Wageni waliniuliza alikunywa wapi, alilala wapi, alikaa kiti gani. Niliwajibu nilichojua. Lakini kila mara nilitamani mmoja aniulize nani alimpikia.

Aliyeuliza swali la namna hiyo alikuja baadaye, naye hakuwa mtalii wa kawaida. Alikuwa mzee wa Kizungu aliyezaliwa Mufindi kwenye mashamba ya chai na kuondoka akiwa mvulana. Alikula supu, akaweka kijiko, akauliza kama naweza kumsaidia kuitafuta familia ya mpishi wao. Alikuwa na jina moja tu la mpishi huyo, jina la ubatizo, na jina la mto uliopita chini ya nyumba. Dereva wetu mmoja alikuwa na shemeji huko. Haikuchukua muda mrefu kama nilivyodhani, kwa sababu watu wa vijijini hukumbuka nani alifanya kazi kwa nani. Mpishi alikuwa amefariki zamani, ila binti yake alikuwepo, mwanamke wa makamo, mkulima wa viazi karibu na Mafinga.

Tulimwalika. Alikuja amevaa vizuri, na kikapu cha milulu chenye mayai na matunda damu, maana hakuna mtu wa kwetu anayekwenda kwa wenyeji mikono mitupu. Mzee akamweleza pudini ya mkate na maziwa aliyopikiwa na baba wa huyo mama kila Jumapili, jinsi ilivyonukia mdalasini, jinsi alivyopewa sufuria akwangue. Mimi nilikuwa nikitafsiri. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba nyumbani baba yao hakuwahi kuwapikia hiyo pudini hata mara moja. Mayai na sukari vya kufanya hivyo hawakuwa navyo. Ndiyo kwanza anasikia leo kwamba baba yake alijua kuipika.

Mzee hakujibu haraka, na mimi sikuongeza neno. Aliuliza kama inaweza kupikwa jioni ile. Niliipika kwa maelezo yake, mdalasini na yote, na binti wa mpishi akahudumiwa wa kwanza, akiwa ameketi kwenye kiti karibu na moto. Alikula yote, akaomba nyingine, akaomba pia nimwandikie namna ya kuipika kwa ajili ya wajukuu. Nilimwandikia.

Miaka ya karibuni Watanzania wamekuwa wengi katika nyumba za wageni za nyanda hizi, na hilo limenifurahisha kuliko jambo lolote katika kazi yangu. Familia zinatoka Dar es Salaam na Dodoma wakati wa likizo kufuata baridi. Wanakuja na watoto waliovaa masweta mapya, wanaotaka kuona moshi ukitoka mdomoni asubuhi. Hawa ndio waliodai makande mezani. Watu wa pwani waliniuliza iko wapi nazi. Nikawaeleza kuwa huku tunayaunga kwa kitunguu na karanga, waonje kwanza. Walionja, wakaongeza. Majani ya maboga kwa karanga, ugali wa dona, ndizi za Rungwe, vyote hivyo sasa nimeviona vikitoka kwenye sahani nzuri, chini ya mishumaa ile ile, na anayeviagiza hashushi sauti.

Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, barabara ilinyamaza, watalii wakakoma, nyumba nyingi zikawarudisha wafanyakazi mashambani. Wapishi wazuri kadhaa hawakurudi tena jikoni. Ndipo nilipoanza kuandika.

Nimesoma vitabu vingi vya wageni, vile vya kuweka mezani mtu aandike maoni yake akiondoka. Vina shukrani nyingi kwa nyumba, mandhari, moto, hata mbwa. Mpishi huitwa mpishi. Aliyeamka saa kumi usiku kuwasha kuni haitwi chochote. Mimi nina madaftari mawili, na ndani yake ninaandika majina: aliyepika, aliyefua, aliyechota, alitoka kijiji gani, alijifunza kwa nani, alijua kupika nini. Babu yuko ukurasa wa kwanza. Mpishi wa Mufindi yuko, na pudini yake. Yupo pia mwanamke aliyeoka mkate wa viazi Mbeya baada ya Babu kustaafu, na vijana wawili wa matangi ya maji.

Makambako kuna mzee wa miaka tisini na ushee aliyekuwa mhudumu wa meza kwenye hoteli ya Reli ya Iringa. Mjukuu wake amenipigia simu kwamba babu yake bado anakumbuka vizuri, hasa asubuhi, baada ya chai. Nimekata tiketi ya basi la Jumatano, na nimeoka mikate miwili ya kumpelekea.