Gurudumu la Tatu

Katika mbio za baiskeli za kufukuzana, zile za wanaume wanne wanne ndani ya uwanja wa mviringo, saa haimjali wa kwanza. Timu mbili huanza kwa wakati mmoja, hii upande wa huku na ile upande wa kule, kila moja ikiusaka mgongo wa mwenzake kwa mita 4000, yaani duru 16 za uwanja wa mita 250. Wakati wa timu huandikwa pale gurudumu la mbele la mtu wa tatu linapovuka mstari. Wawili hawatoshi. Wa nne si lazima awepo.

Hao wanne hufuatana katika mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, na nafasi baina yao huenda isitimie shubiri mbili. Wa mbele ndiye aliye joshini, kama wasemavyo mabaharia. Huupasua upepo kwa kichwa na mabega, na wenzake wakasafiri demani, katika utulivu alioununua yeye kwa mapaja yake. Zamu yake ikiisha, hupanda juu ya mwinamo wa uwanja, akawaacha watatu wapite chini yake, kisha akateremka na kujipachika mkiani. Baiskeli zao hazina breki. Pedeli zimefungamana na gurudumu la nyuma, hata gurudumu likizunguka, miguu nayo haina budi kuzunguka. Asiyekadiria vyema mteremko wake ama hugusana na mwenziwe wakaanguka, ama huikosa ile nafasi ya demani. Na akiikosa, hairudii tena.

Mpenzi wa tarbia atavutika kuufananisha mchezo huu na ubeti: mishororo minne, kila mmoja na zamu yake. Mfano huo haufiki mbali. Malenga hana ruhusa ya kuudondosha mshororo mmoja njiani ili mitatu iliyobaki iwahi kituoni, ilhali kocha wa mbio hizi anayo, tena huipanga kabla ya mbio kuanza. Huwapo mtu aliyewekwa ili aishiwe. Kazi yake ni kutoa vyote alivyo navyo katika duru zake, kisha atoke kandoni huku wenzake wakitokomea. Akishinda, hupewa medali sawa na wao, na ni haki yake. Lakini kati ya kuishiwa kwake na mwisho wa mbio pana muda ambao yeye si wa mbio wala si mtazamaji. Yu peke yake uwanjani, anapungua kasi, na nyuma yake wanakuja wanaume wanaokimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, vichwa vimeinamishwa ili kuukwepa upepo.

Muda huo ndio uliozusha kisa cha Izu, nchini Japani, katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyoahirishwa hadi 2021. Denmark walifika huko wakiogopwa, maana katika mashindano ya dunia ya Berlin, Februari 2020, walikuwa wameivunja rekodi ya dunia mara tatu katika siku mbili. Tarehe 3 Agosti walipangiwa Uingereza. Waingereza walikuwa wamempoteza Ed Clancy, bingwa wa mbio hizi katika Olimpiki tatu mfululizo tangu 2008, aliyejitoa kwa maumivu ya mgongo. Nafasi yake akapewa Charlie Tanfield, bingwa wa dunia wa 2018. Kasi ya wenzake ikamshinda Tanfield, akaachwa. Frederik Madsen wa Denmark, akiwa mbele ya timu yake na macho yake chini, hakumwona. Alimgonga kwa nyuma, wote wawili wakaanguka, na Madsen akainuka akimfokea mwenziwe.

Hasira za kiume baada ya anguko si za kuzishangaa. Hata hivyo, mtu aliyeishiwa nguvu hawezi kudaiwa awe na macho ya kisogoni. Aliye nyuma ndiye aonaye, akitaka kuona. Waamuzi walishauriana kwa muda mrefu, kisha wakaamua kuwa Denmark wamewafikia wapinzani wao, kwa hiyo wataingia fainali.

Fainali ilikuwa kesho yake, dhidi ya Italia, taifa ambalo halikuwa limeonja dhahabu ya mbio hizi katika Olimpiki tangu Roma, 1960. Francesco Lamon aliwatoa wenzake mwanzo kwa kasi, wakafuata Simone Consonni, Jonathan Milan na Filippo Ganna. Denmark waliongoza kwa sehemu kubwa ya mbio, na duru za mwisho zilipokaribia palikuwa hapana dalili kwamba watapitwa. Hapo Ganna akashika mbele.

Wengi husimulia duru zile kama hadithi ya nguvu za mtu mmoja. Nguvu alikuwa nazo, tena za kutisha. Lakini angezitumia zote kwa pupa, angewakata wenzake, na kuvuka kwake mstari kusingekuwa na thamani hata ya shilingi moja, kwa kuwa saa ilikuwa ikimngoja mtu wa tatu. Alilazimika kwenda mbio kiasi cha kuwashinda Denmark, wala asiende mbio kiasi cha kuwashinda Waitalia. Kipimo hicho hakimo katika mashine yoyote. Humo mgongoni, katika kuhisi kwamba mtu usiyemwona bado yupo. Na aliye nyuma naye ana kazi yake, ya kung'ang'ania ile shubiri moja ya utulivu huku mapafu yakiwaka. Kamera humtazama wa mbele.

Italia walimaliza kwa dakika 3 na sekunde 42.032, rekodi mpya ya dunia. Denmark walitumia dakika 3 na sekunde 42.198. Tofauti ilikuwa kama mita tatu hivi za mbao za uwanja. Rekodi waliyoikuta asubuhi ile, ambayo Italia wenyewe waliiweka siku iliyotangulia, ilikuwa dakika 3 na sekunde 42.307, hata walioshindwa waliipita.